Mbwa wawili ndani ya uzio mmoja: wa mbele, wa nyuma, na chanzo cha ugomvi wao

Mwongozo huu ni wa mwenye mbwa wawili wasiofanana hata kidogo. Mfano wa kawaida mjini ni German Shepherd, au chotara wake, na mbwa wa kienyeji aliyeletwa angali mdogo. Mchana wako bandani, saa mbili usiku wanafunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi wanarudishwa. Pikipiki ikisimama nje, mmoja ameshafika getini. Mwenzake anabweka akiwa chini ya gari. Hapa tutawaita wa mbele na wa nyuma. Tumekwepa "mkali" na "mwoga" makusudi, maana wa mbele mara nyingi ni mwoga aliyejifunza kutangulia, na wa nyuma akibanwa kwenye kona ndiye anayemuuma mtoto.

Kabla hujanunua kitu wala kumchapa yeyote, bandika karatasi mlangoni mwa banda. Kwa wiki mbili, kila wakikwaruzana, andikeni mahali, saa, kilichokuwa karibu (chakula, mtu, mfupa, geti, kivuli kizuri), na aliyekakamaa kwanza. Hatusemi aliyeuma kwanza. Anayeuma mara nyingi amekodolewa macho na kuzibiwa njia dakika nzima bila mtu kuona. Askari na dada wa kazi ndio wanaoshinda nao, kwa hiyo kalamu iwe yao, si ya baba mwenye nyumba anayerudi usiku. Karatasi ikijaa, isome hivi: ugomvi wa mahali pamoja unatibiwa kwa kubadili mahali hapo, wa saa ileile, kwa kubadili ratiba, wa popote na saa yoyote, hasa ulioanza ndani ya siku chache, unaanzia kwa daktari wa mifugo.

Tabia imegeuka ghafla

Mbwa aliyemvumilia mwenzake miaka miwili, kisha wiki hii anamrukia kwa kuguswa nyonga tu, mhesabu kuwa ni mgonjwa hadi daktari aseme sivyo. Angalia masikio kwanza (harufu, uchafu mweusi, kutikisa kichwa kila mara), kisha meno, na kwa German Shepherd, nyonga. Nyonga mbovu huonekana asubuhi: anainuka kwa kujivuta, na akikimbia anarusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Mbwa wa namna hiyo hataki kupigwa kumbo, na wa mbele ambaye salamu zake zote ni kumbo atamkera kila siku.

Kisha kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa huambukiza ugonjwa wa damu uitwao erlikiosi: mbwa anazubaa, fizi zinapauka, wengine hutokwa damu puani. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, na hupimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Pua kavu au yenye moto si kipimo cha chochote. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Usimpe paracetamol wala ibuprofen ya nyumbani, hata nusu kidonge. Ibuprofen humtoboa mbwa tumbo na kuua figo, na paracetamol huharibu ini.

Kichaa cha mbwa nacho huanza kwa tabia kugeuka. Mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi na kung'ang'ania watu. Baadaye sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanadondoka, anashindwa kumeza. Hapa ndipo watu wanapokosea vibaya: wanadhani ana mfupa kooni, wanaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usiingize. Mfungie mahali peke yake, mwenzake naye mfungie mahali pengine, piga simu kwa daktari wa mifugo. Mtu aliyeumwa, au aliyepata mate kwenye kidonda, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mbwa wenyewe huchanjwa wakiwa na miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Usimchanje yule mkali tu kwa sababu ndiye anayeuma. Wa nyuma ndiye anayepenya chini ya geti na kukutana na mbwa koko.

Wanagombana wakila

Nyumba nyingi bado zinamwaga ugali wa dona na dagaa kwenye sufuria moja, au kwenye karai moja pana, kwa hoja kwamba "watagawana wenyewe". Hawagawani. Wa mbele anameza bila kutafuna, anamaliza ndani ya dakika mbili, anahamia upande wa mwenzake. Wa nyuma anajifunza moja kati ya mambo mawili: kuondoka na njaa, au kupigana mapema. Ukiona anaanza kunguruma hata kabla sufuria haijatua chini, ameshachagua la pili.

Marekebisho yenyewe ni rahisi lakini yanataka kufuatwa kila siku. Bakuli mbili, kila moja ndani ya banda lake, mlango umefungwa. Kama banda ni moja, mmoja ale nyuma ya nyumba na mwingine mbele, wasionane kabisa. Mita tatu wakiwa wanatazamana hazisaidii kitu. Anayelisha akiwa peke yake, amfungie kwanza wa mbele na bakuli lake, kisha ampelekee wa nyuma. Ukianza na wa nyuma huku mwenzake yuko huru, utamkuta amesimama mlangoni akimsubiri amalize, na chakula kitakuwa hakijaliwa. Mpe kila mmoja dakika 15 hadi 20. Muda ukiisha, ondoa bakuli zote mbili, hata yenye mabaki, fagia makombo, ndipo mlango ufunguliwe. Bakuli tupu lililobaki sakafuni linapiganiwa vilevile, kwa sababu lina harufu.

Walishwe mara mbili kwa siku, si mara moja usiku. Mbwa mwenye njaa ya saa ishirini na nne ana kila sababu ya kupigania ugali.

Mifupa haitolewi wakiwa pamoja, hata siku ya sikukuu. Na mifupa ya kuku iliyopikwa haitolewi kabisa, maana huvunjika vipande vyenye ncha. Dagaa waoshwe, mchanga na chumvi vitoke. Masalia ya mchuzi yenye vitunguu yaende kwenye pipa: kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kuna ushauri wa zamani wa kumnyang'anya mbwa bakuli katikati ya mlo "ili azoee". Ndio unaotengeneza mbwa anayelinda chakula. Ukitaka wa mbele atulie mtu anapopita karibu, fanya kinyume: pita mita mbili kutoka kwake, rusha kipande cha nyama ndani ya bakuli, endelea na safari yako. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, kisha sogea kwa hatua moja. Siku akikakamaa shingo au akiongeza kasi ya kula ukikaribia, rudi nyuma hatua mbili. Dalili ya mafanikio ni mbwa anayeinua kichwa na kukutazama kwa matumaini.

Maji pia. Mbwa wa kilo 20 hunywa takriban lita 1 kwa siku, na kwenye joto la pwani zaidi ya hapo. Weka ndoo mbili, sehemu mbili, na isiwepo hata moja kwenye uchochoro usio na njia ya pili, kwa sababu wa mbele akilala mdomoni mwa uchochoro, wa nyuma hanywi hadi usiku. Kagua mbavu zake kila wiki: uzipapase kwa urahisi chini ya ngozi lakini usizihesabu kwa macho ukiwa mbali. Wa nyuma akikonda huku mwenzake ananenepa, tatizo si minyoo peke yake.

Wanapigana getini tu

Karatasi ikionyesha geti, geti, geti, hawa wawili hawana ugomvi baina yao. Kuna pikipiki, muuza maziwa au mbwa wa jirani anapita. Wa mbele amepandwa na hasira, hamfikii anayepita, na meno yanaangukia kilicho karibu, yaani mwenzake. Wa nyuma aliyekuja tu kuona kuna nini anang'atwa sikio, anajibu, na dakika hiyo askari anaamini wanachukiana. Yeye mwenyewe akiwashika ukosi wakati huo, ataumwa mkono, na mbwa hatakuwa amejua ni mkono wa nani.

Anza na macho. Geti la nondo lizibwe kwa bati au plaiwudi kuanzia chini hadi kimo cha mita 1.2. Tundu la chini ambalo pua hupita lizibwe pia, maana kunusa miguu ya wapita njia kunatosha kumwasha. Watu wanalalamika kwamba mbwa akizibiwa hatalinda. Atabweka vilevile, kwa sababu anasikia. Atakachopunguza ni kukimbia huku na huku kwenye uzio, jambo linalochosha miguu yake na kumkera jirani bila kumtisha mwizi.

Halafu tazama nafasi. Vyungu vya maua, tangi la maji au gari lililoegeshwa karibu na geti hutengeneza njia nyembamba, na humo ndimo wa nyuma anapobanwa. Acha uwazi wa mita mbili kila upande, ili anayetaka kuondoka aondoke bila kupita mdomoni mwa mwenzake.

Gari likiingia, wa mbele awe ameshafungiwa. Honi ya kwanza iwe ishara kwa askari ya kumwita bandani, na kila akiingia apate kitu: kipande cha ini lililochemshwa na kukaushwa ni bora kuliko biskuti. Mfunze kwanza bila gari. Mtu mmoja agonge geti kwa kidole, taratibu, mbwa akiwa umbali wa mita kumi na kamba shingoni, umwite, umpe. Akija mara tano mfululizo, mgongaji aongeze nguvu. Kisha mita saba, kisha nne. Akikugomea hata mara moja, umekwenda haraka. Mazoezi ya dakika tano asubuhi na tano jioni yanazaa matunda kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Wanapigana dakika ya kufunguliwa

Hili ni tatizo la mabanda yaliyopakana kwa wavu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku ni saa 14, na muda wote huo wa mbele anamkodolea mwenzake kupitia wavu, anauma waya, anakimbia sambamba naye. Usiku milango inafunguliwa pamoja, deni la mchana linalipwa.

Ziba ukuta wa katikati kwa bati au mbao, mita 1.2 kwenda juu. Kazi hiyo ya nusu siku inamaliza kesi nyingi kuliko mafunzo yoyote. Wakati huohuo angalia paa: banda la bati lisilo na dari ni tanuri saa nane mchana, na mbwa aliyeshinda tanurini hatoki na subira. Makuti juu ya bati, au uwazi wa sentimita 20 kati ya bati na dari ya mbao, unashusha joto.

Usifungue milango miwili kwa pamoja. Atangulie wa nyuma, apewe dakika kumi za kukojoa, kunusa uzio na kuchagua pa kukaa, ndipo wa mbele afunguliwe. Na wa mbele awe ameshatembezwa. Nusu saa au dakika 45 za kutembea kwa kamba barabarani, jua likiwa limeshuka, zinamtoa moto ambao vinginevyo unamwishia mwenzake mgongoni. Familia nyingi hufuga mbwa wa kilo 35 bila kumtoa nje ya geti tangu aletwe, kisha zinashangaa.

Usimfunge mmoja mnyororo huku mwingine yuko huru. Aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo hana njia nyingine ila kuuma, na aliye huru anajifunza haraka urefu wa mnyororo ule na kusimama nusu mita nje ya mwisho wake.

Walikuwa marafiki, sasa wana miaka miwili

Mbwa hukomaa kitabia kati ya mwaka mmoja na mitatu, baadaye sana kuliko anavyokomaa kimwili. Ndiyo maana wawili waliolelewa pamoja, wakala pamoja na kulala wamelaliana, wanaanza kugombana bila mtu kubadilisha kitu. Jinsia moja huleta shida zaidi, na majike wawili ndio wagumu kuliko wote: wakishaumizana mara kadhaa, husitisha lakini hawasahau. Kama bado hujaleta mbwa wa pili, leta wa jinsia tofauti na uwafanyie upasuaji wa uzazi. Huo ni ushauri wa bure ambao wanaouza watoto wa mbwa barabarani hawakupi.

Jike asiyetolewa kizazi huingia kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) takriban mara mbili kwa mwaka, kila mara kama wiki tatu. Muda huo akae peke yake. Madume wakiwa wawili, watapigana hata kama hawajawahi. Wiki sita hadi nane baadaye, jike ambaye hakupandwa anaweza kupata mimba ya uongo: anabeba viatu, anachimba kitanda, chuchu zinatoa maziwa, na anamfukuza mwenzake mbali na "watoto" wake. Ondoa viatu, usikamue maziwa, subiri. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili tatu.

Kuhasi dume kunapunguza kuzurura, kukojoa ovyo kwenye kuta na baadhi ya ugomvi wa dume kwa dume. Hakumtibu mwoga. Mbwa anayeuma kwa sababu anaogopa, baada ya kuhasiwa ni mbwa aliyehasiwa anayeuma kwa sababu anaogopa.

Wa nyuma hatoki, au anakojoa akiguswa

Pima hivi. Jioni moja mfungie wa mbele mahali ambapo mwenzake hamwoni wala hamsikii, ikiwezekana mtoe nje kabisa kwa matembezi marefu. Wa nyuma akitoka ndani ya nusu saa, akanyoosha mgongo, akazunguka uwanja mkia ukiwa umelegea, basi hofu yake ina jina na jina ni mwenzake. Akibaki chini ya gari vilevile, chanzo ni watu, kelele, au alivyolelewa.

Chanzo kikiwa mwenzake, mpe maficho yenye milango miwili. Pipa la plastiki la lita 200 lililolazwa na kukatwa pande zote mbili linafaa, au meza kuukuu yenye mbao ubavuni. Maficho ya mlango mmoja ni mtego. Kisha mpe saa yake: dakika 20 kila siku, yeye na mtu mmoja anayemjua, wa mbele akiwa amefungwa.

Chanzo kikiwa ni watu, kumbuka kwamba mbwa huzoea dunia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Aliyekua muda huo uchochoroni akirushiwa mawe hatakuwa German Shepherd wa picha, na hilo si kosa lake. Bado anaweza kuishi kwa amani. Usimvute kwa mnyororo kutoka mafichoni. Kaa chini, ubavu wako ukiwa upande wake, usimtazame usoni, rusha kipande cha nyama nusu njia na kingine karibu naye. Mwache aje, ale, arudi. Mkono uende chini ya kidevu au kifuani, si juu ya kichwa.

Anayekojoa akisalimiwa hafanyi ukorofi. Anaomba radhi kwa lugha ya mbwa. Ukimfokea, unampa sababu ya kuomba zaidi. Msalimie nje, kwa sauti ya chini, bila kumwinamia, na umpuuze dakika mbili za mwanzo. Usiku wa fataki wa kuamkia Januari 1, na masika radi zikianza, aingizwe ndani ya nyumba au stoo yenye redio iliyowashwa. Mbwa wa nyuma wengi hupotea usiku huo mmoja.

Ni mchezo au ni vita?

Kelele si kipimo. Mchezo unaweza kuwa na kunguruma, meno nje na kuviringishana vumbini. Tazama miili. Wanaocheza wamelegea, wanashusha kifua chini na kuinua makalio kabla ya kurukia, wanabadilishana kuwa juu na chini, wanasimama kupumua. Wanaokaribia kupigana wananyooka: mdomo unafungwa, mkia unapanda na kutetemeka kwa ncha tu, weupe wa jicho unaonekana pembeni, halafu kunakuwa kimya cha sekunde moja au mbili bila hata kupumua. Kimya hicho ndicho cha kukikata, kwa kuita au kutikisa kopo lenye mifupa, kabla hakijageuka kuwa kelele.

Ukiwa na shaka, mshike anayemfukuza mwenzake kwa sekunde tano. Anayefukuzwa akirudi kumchokoza, ni mchezo. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, hakuwa anacheza.

Na usimchape mbwa kwa kunguruma. Ukifanikiwa kuua mngurumo, utabaki na mbwa anayeuma bila taarifa.

Wako watakaokwambia suluhisho ni kumlaza wa mbele chali na kumkalia mpaka ajue "nani mkuu". Fikra hizo zilikuzwa na uchunguzi wa mtafiti Rudolph Schenkel wa mwaka 1947, uliofanywa kwa mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama. David Mech, aliyewafuata mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao tu. Kumkalia mbwa mwenye hofu kunamfundisha kuwa mikono yako ni hatari, na somo hilo atalitumia kwa mtoto wa jirani.

Wameshikana: la kufanya sasa hivi

Usipeleke mkono karibu na kichwa cha yeyote. Anza na kelele: gonga sufuria mbili, au piga honi ya gari. Kisha maji kwa mpira, moja kwa moja puani. Kisha ingiza kitu katikati: ubao, kifuniko cha pipa, hata mlango wa stoo ulioachia bawaba. Blanketi zito likitupwa juu ya vichwa vyote viwili mara nyingi huwafanya waachie kwa sekunde moja, na sekunde hiyo inatosha kumsukumia mmoja upande wa pili wa mlango.

Kama hakuna kinachofanya kazi na mko watu wazima wawili, kila mtu amshike mbwa mmoja miguu ya nyuma, juu ya goti, wainue na kurudi nyuma kwa pamoja, huku wakizunguka kwa nusu duara ili mbwa asiweze kugeuka kumuuma aliyemshika. Msiwaachie hadi kila mmoja awe nyuma ya mlango uliofungwa. Wakiachiwa mita tano wakitazamana, wanarudiana. Aliye peke yake asijaribu hili.

Jeraha la jino ni tundu dogo lenye mfuko mkubwa chini yake. Nyoa manyoya kulizunguka, safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na usilifunge. Tundu la shingoni, kifuani au tumboni ni la daktari siku hiyohiyo hata kama mbwa anatembea. Uvimbe wa siku ya tatu ni usaha.

Watenganishe siku tatu kamili, wasionane. Kukutana kwao tena kuwe barabarani, si nyumbani: watu wawili, kamba za mita 2, kila mbwa upande wake wa njia, umbali wa mita kumi, wote wakielekea upande mmoja kwa dakika 20. Kesho yake mita nane. Mnasogea tu kama hakuna anayekodoa macho wala kuvuta kamba kwenda kwa mwenzake. Wakiweza kutembea bega kwa bega, ingieni geti wakiwa bado wanatembea, zungukeni uwanja, kisha kila mmoja bandani kwake. Kuwafungua pamoja kunasubiri siku nyingine, na mara ya kwanza kamba ziwe bado shingoni zikiburuzwa chini, ili mtu apate pa kushika mbali na meno.

Kila kitu kimefanyika na bado wanaumizana

Hapa hesabu uzito. Wa mbele akiwa na uzito mara mbili ya mwenzake, pigano moja linatosha kuua, kwa hiyo usisubiri la tatu. Wakiwa wanalingana, mapigano mawili yaliyohitaji kushonwa ndani ya mwezi mmoja yanatosha kuacha kujaribu kuwaunganisha.

Njia ya kwanza ni zamu. Wa mbele afunguliwe saa mbili usiku hadi saa nane, wa nyuma saa nane hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wezi hupenda saa nane kuendelea, na wenye nyumba hutaka wa mbele awe nje wakati huo. Sawa, geuza zamu, lakini usizichanganye kati ya usiku na usiku, maana mbwa hutulia akijua zamu yake. Kila banda liwe na kitasa chake na komeo la pili la juu. Askari anayebadilishana zamu apokee kwa maandishi nani yuko nje. Ajali nyingi za nyumba za zamu hutokea Jumapili, askari wa kudumu akiwa mapumziko na wa muda hajaambiwa.

Njia ya pili ni kumtafutia mmoja nyumba nyingine. Watu huwahi kumtoa wa nyuma kwa sababu "halindi", ingawa kwenye nyumba ya peke yake mbwa wa aina hiyo mara nyingi hulinda vizuri na kuhitaji chakula kidogo. Wa mbele naye huwa mtulivu zaidi asipokuwa na wa kusukumana naye. Yeyote atakayeondoka, aende na cheti chake cha chanjo, tarehe ya dawa ya mwisho ya minyoo, na ile karatasi ya wiki mbili iliyobandikwa mlangoni, ili anayempokea ajue asimlishe karibu na mbwa mwingine, au asimfungie mahali penye wavu.